Vitabu vya Saa na picha zake ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu hukutana na picha hizi kwanza kwenye kadi ya Krismasi au kalenda ya ukutani: Bikira Maria kavaa bluu nzito, nyuma yake anga la dhahabu, pembeni maua na ndege. Mara nyingi picha hiyo imetoka ndani ya kitabu cha sala cha Ulaya ya karne ya 14 au ya 15, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Nimevipenda vitabu hivi kwa miaka mingi, na ninaamini havieleweki mpaka mtu akumbuke kwamba vilitengenezwa ili watu wavisalie. Majibu haya yameandikwa kwa imani hiyo.

Kitabu cha Saa ni kitabu gani hasa?

Ni kitabu cha sala cha mlei. Watawa na mapadre walikuwa na wajibu wa kusali zaburi kwa vipindi, usiku na mchana, wakifuata breviari, kitabu chao cha sala za kila siku. Walei nao wakatamani sehemu yao katika sala hiyo. Kuanzia karne ya 13 wakatengenezewa kitabu kifupi na chepesi zaidi, ambacho kiini chake ni Saa za Bikira Maria: zaburi, tenzi, antifona na masomo mafupi ya kumheshimu Mama wa Mungu, yaliyogawanywa katika vipindi 8 vya siku. Kimojawapo cha mwanzo kabisa huko Uingereza kilichorwa mjini Oxford na William de Brailes, mnamo 1240 hivi. Kufikia karne ya 15, nyumba yenye kitabu kimoja tu mara nyingi ilikuwa na hicho. Maelfu ya miswada yake imesalia hadi leo, na hakuna aina nyingine ya kitabu cha Zama za Kati za Ulaya iliyosalia kwa wingi huo.

Saa zenyewe ni zipi?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Warumi walianza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na Kanisa likarithi hesabu hiyo. Ndiyo hesabu yetu. Prima ni saa moja asubuhi, Tertia saa tatu, Sexta saa sita mchana, Nona saa tisa alasiri. Msomaji wa Paris au London siku hizi lazima afafanuliwe mambo haya. Sisi tunayasoma yalivyo.

Kabla ya hizo kuna Matutinum, sala ya usiku kuelekea alfajiri, na Laudes, yaani Masifu ya Asubuhi. Baada yake kuna Vesperae, Masifu ya Jioni, na Completorium, sala ya kabla ya kulala. Wakatoliki wanaosali Sala ya Kanisa watavitambua karibu vipindi vyote, isipokuwa Prima, iliyoondolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Tofauti moja ipo. Kwetu karibu na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani sana. Kaskazini ya Ufaransa mchana wa Desemba ni mfupi mno na wa Juni ni mrefu mno, hivyo saa hizo 12 za mchana zilirefuka na kufupika kufuatana na majira. Kengele ya kanisa ndiyo iliyowaambia watu kipindi kimefika.

Mna nini kingine ndani yake?

Kwanza kalenda ya sikukuu za watakatifu, mwezi kwa mwezi. Siku za kawaida ziliandikwa kwa wino mweusi, sikukuu kubwa kwa mwekundu, na katika vitabu vya gharama zilitiwa dhahabu. Wataalamu huanzia hapo wanapotafuta asili ya kitabu: Mtakatifu Genovefa akitukuzwa sana tarehe 3 Januari, kitabu huenda ni cha Paris, Mtakatifu Donatiani akipewa heshima kubwa tarehe 14 Oktoba, mtu hufikiria Bruges, mji ulioko Ubelgiji ya leo.

Baada ya kalenda huja vipande vya Injili nne, sala mbili ndefu kwa Bikira Maria, Saa zenyewe, Saa fupi za Msalaba na za Roho Mtakatifu, Zaburi 7 za Toba pamoja na Litania ya Watakatifu, kisha Sala za Marehemu. Mwishoni huwa na maombi mafupi kwa watakatifu, kila mmoja na haja yake: Sebastiani kwa ajili ya tauni, Apolonia kwa maumivu ya meno, Margareta kwa mama anayejifungua.

Lugha ni Kilatini, ingawa Waholanzi walisali sana kwa lugha yao wenyewe, na Wafaransa waliongeza sala za Kifaransa.

Picha huwekwa wapi, na kwa nini karibu kila kitabu kina picha zilezile?

Vitabu hivi havikuwa na namba za kurasa. Aliyetaka Masifu ya Jioni alifunua mpaka alipoona picha yake. Kwa hiyo picha ilikuwa mlango wa kipindi, na mpangilio wake ukazoeleka: Matutinum hufunguliwa na Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari, Laudes, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti, Prima, Yesu anazaliwa Betlehemu, Tertia, malaika anawatokea wachungaji, Sexta, Mamajusi wanaleta zawadi, Nona, Yesu anatolewa hekaluni, Vesperae, safari ya kukimbilia Misri, Completorium, Maria anavikwa taji mbinguni. Anayesali rozari ataona mara moja kwamba anatembea ndani ya Matendo ya Furaha.

Zaburi za Toba hufunguliwa na Mfalme Daudi, ama amepiga magoti na kinubi chake kiko chini, ama yuko dirishani akimtazama Bathsheba anaoga. Sala za Marehemu huonyesha jeneza kanisani limezungukwa na mishumaa na waombolezaji wenye joho jeusi, au Ayubu ameketi majivuni, au mchimba kaburi akitoa mifupa ya zamani ili kumpisha mgeni. Tauni ilirudi Ulaya tena na tena baada ya 1348, na watu waliochora mifupa ile waliijua.

Tazama vizuri picha ya kwanza, ile ya Gabrieli. Maria huyo mara nyingi anasoma, na kitabu kilicho mbele yake kinafanana na Kitabu cha Saa. Mwanamke aliyekifungua alfajiri alijiona anafanya kile alichokuwa anakifanya Maria malaika alipoingia. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya picha hizi zote. Zilimwingiza msomaji ndani ya tukio lenyewe. Katika Kitabu cha Saa cha Maria wa Burgundy, kilichoko Vienna na kilichochorwa miaka ya 1470, mchoraji alilifunua jambo hilo wazi. Bibi mmoja amekaa dirishani na kitabu chake cha sala, mbwa mdogo mapajani. Ng'ambo ya dirisha hakuna barabara wala bustani, kuna kanisa kubwa, na ndani yake Bikira Maria amempakata Mwana, na mwanamke mtukufu wa Burgundy amepiga magoti mbele yao. Tunaona mtu anayesali, na tunaona sala yake.

Je, picha hizi huitwa miniatura kwa sababu ni ndogo?

Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Neno linatokana na Kilatini *minium*, rangi nyekundu inayotengenezwa kwa madini ya risasi. Aliyepaka rangi hiyo kwenye herufi za mwanzo alikuwa anafanya kazi ya *miniare*. Maana ya udogo ilikuja baadaye, kwa kuwa picha za vitabuni ni ndogo kweli.

Walioziandika na kuzichora ni watawa?

Zamani, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kufikia karne ya 13 kazi hii ilikuwa imehamia mijini, kwa mafundi walei waliolipwa. Huko Paris wauza vitabu walikaa karibu na kanisa la Notre-Dame, na ng'ambo ya mto wachoraji wengi waliishi mtaa mmoja, ule ambao leo unaitwa rue Boutebrie. Mteja alimwendea muuza vitabu, wakapatana, kisha kazi ikagawanywa: mwandishi, mtia dhahabu, mchoraji wa pambizo, mchoraji wa picha kubwa, mjalidi. Mume na mke, baba na mwana, walifanya kazi kwenye meza moja.

Wengi hatuyajui majina yao. Ndiyo maana utasoma juu ya "Fundi wa Boucicaut" au "Fundi wa Bedford": wameitwa kwa majina ya watu waliomiliki vitabu vyao.

Wanawake walikuwemo pia, hata kwenye kazi za zamani zaidi. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba kwenye ukoga uliokauka katika meno ya mwanamke aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, penye monasteri ya wanawake, walikuta chembe za bluu ya thamani kuliko zote. Alifariki kati ya karne ya 10 mwishoni na ya 12. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu, na alikuwa akinyoosha ncha ya brashi kwa midomo.

Ngozi iliandaliwaje?

Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa kwenye maji ya chokaa kwa siku kadhaa mpaka manyoya yalegee, ikakwanguliwa, ikaoshwa, kisha ikavutwa kwa kamba kwenye fremu ya mbao. Ikiwa bado imekazwa hivyo, fundi aliikwangua kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo, akakaza kamba, akakwangua tena, ikakauka. Haitiwi dawa ya magome kama ngozi ya viatu. Kinachoifanya iwe nyeupe na laini ni huko kuvutwa na kukwanguliwa. Upande wa manyoya hubaki na umanjano kidogo na vitundu vya vinyweleo, upande wa nyama huwa mweupe zaidi. Mwandishi alizikunja kurasa ili upande utazamane na mwenzake, jicho lisisumbuke.

Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini. Wino ulipikwa kwa vivimbe ambavyo nyigu husababisha kwenye mti wa mwaloni, vikachanganywa na chumvi ya chuma pamoja na gundi ya mgunga. Gundi hiyo, ambayo hata leo Sudan ni muuzaji wake mkubwa, ilishika wino na ilishika rangi pia.

Rangi zilitoka wapi?

Bluu kuu ilitoka Badakhshan, milima ya Afghanistan, kwenye machimbo ya jiwe la lapis lazuli huko Sar-i Sang. Ilivuka jangwa na bahari hadi Venisi, na kwa sababu hiyo ikaitwa *ultramarinum*, ya ng'ambo ya bahari. Kusaga jiwe peke yake hutoa unga wa kijivu. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika mafundisho ya kazi hii mnamo 1400 hivi, anaeleza kwamba unga huo huchanganywa na nta na utomvu uwe donge, kisha donge hukandwa ndani ya maji ya majivu kama mtu akandavyo unga wa chapati. Bluu safi hutoka na kuzama chini, uchafu hubaki kwenye donge. Mkando wa kwanza hutoa bluu iliyo bora, wa mwisho hutoa majivu. Joho la Bikira Maria lilipewa ule wa kwanza. Mikataba ya kazi mara nyingine ilitaja bluu ipi itumike, kwa sababu mteja aliilipia.

Nyekundu kali ilipatikana kwa kupika zebaki pamoja na salfa. Kijani kimoja kilikuwa kutu ya shaba iliyofukizwa kwa siki, na hicho kina tabia mbaya: baada ya karne kadhaa hula ngozi mpaka ikatoboka. Nyeupe ilikuwa ya risasi. Manjano moja ilitokana na madini yenye aseniki. Wachoraji hawa walishinda na sumu mezani.

Dhahabu ilitangulia rangi zote, kwa sababu kuing'arisha kungeharibu picha iliyokwisha chorwa. Fundi aliweka kwanza tabaka la plasta laini, akalipulizia pumzi ili lipate unyevu, akalaza utando wa dhahabu mwembamba kuliko karatasi yoyote, kisha akausugua kwa jino la mbwa au jiwe laini mpaka ung'ae. Kwa kuwa plasta imeinuka kidogo, dhahabu hushika mwanga kwa pembe tofauti kila ukurasa unapogeuzwa. Kwa mwanga wa mshumaa hucheza. Kioo cha simu hakiwezi kuonyesha jambo hili, na ndilo lililowapa wazee neno "kutia nuru" kwa kazi nzima. Sehemu kubwa ya dhahabu iliyozunguka Ulaya karne ya 14 ilivuka Sahara kutoka Afrika Magharibi, nchi za dola la Mali. Tunapotazama kurasa hizo, tunatazama pia jasho la wachimbaji wa bara letu.

Nianze kutazama kitabu kipi?

Wengi watakuambia *Très Riches Heures* ya Jean, mtawala wa Berry, na hawakosei. Ndugu watatu kutoka Nijmegen, Paul, Herman na Jean wa Limbourg, walikianza mnamo 1411 hivi. Mwaka 1416 wote watatu walikufa, na mteja wao akafa mwaka huohuo. Kitabu kikabaki hakijaisha. Kikamaliziwa na Jean Colombe miaka ya 1480, na mkono mwingine ukapita katikati. Kina karatasi 206 na picha kubwa 66. Kalenda yake ndiyo maarufu: Januari mtawala ameketi kwenye karamu, Februari wakulima wanaota moto na theluji imefunika mizinga ya nyuki, Oktoba mtu anapanda mbegu na nyuma yake limesimama jumba la Louvre. Kiko Chantilly, kaskazini ya Paris, na wosia wa aliyekitoa unazuia kisiazimwe nje.

Mimi hupenda mtu aanze na kidogo zaidi. Jeanne d'Évreux, malkia wa Ufaransa, alipewa kati ya 1324 na 1328 kitabu kilichochorwa na Jean Pucelle, kimo chake sentimita 9 na kidogo, kinaenea kiganjani. Watu wamechorwa kwa kijivu, kama sanamu za mawe zenye uhai, na rangi zimeguswa pembeni tu. Upande wa kushoto Yesu anakamatwa bustanini, upande wa kulia Gabrieli anampasha Maria habari. Mwanzo na mwisho wa safari vimewekwa uso kwa uso, na malkia alivishika vyote viwili kwa mkono mmoja. Leo kiko New York, kwenye jumba la Cloisters.

Cha tatu ni cha Catherine wa Cleves, cha mnamo 1440, kilichoko Maktaba ya Morgan, New York. Pambizo zake zina kome wa kula, sarafu, mikate, vizimba vya ndege. Mfanyabiashara wa karne ya 19 alikivunja akakifanya vitabu viwili ili auze mara mbili. Maktaba ya Morgan iliviunganisha tena chini ya paa moja katika karne ya 20.

Mbona pambizoni kuna nyani, konokono na wanyama wa ajabu, kwenye kitabu cha sala?

Swali hili huwasumbua hasa watu wa ibada, na ni halali. Katika vitabu vya karne ya 13 na 14 utakuta shujaa mwenye upanga akimkimbia konokono, nyani amevaa kama daktari, sungura anamwinda mwindaji. Hakuna jibu moja linalotosha. Kuna picha zinazocheza na neno lililo kwenye mstari wa karibu, kuna zinazokumbusha methali, na nyingine zinakemea dhambi kwa kuichekesha. Ninachokiona ni kwamba ulimwengu wote uliruhusiwa kuwa ukurasani, na katikati yake sala. Kwa watu wale, kicheko hakikuifukuza ibada.

Vilikuwa vya matajiri tu?

Vile tunavyovitaja kwa majina, ndiyo. Lakini kufikia 1450 karakana za Bruges, Rouen na Paris zilikuwa zinatengeneza vitabu vya kawaida kabla mteja hajafika, vyenye picha chache zilizonakiliwa kwenye vielelezo. Mke wa mfanyabiashara wa nguo aliweza kukinunua. Wanawake walikuwa wamiliki wakubwa, na wengi waliwafundishia watoto kusoma humohumo. Familia nyingi ziliandika kwenye kurasa tupu siku za kuzaliwa na kufa kwa watoto.

Kimoja kilipewa mtoto mwenyewe: mkesha wa Krismasi wa 1430, Anne wa Burgundy, mke wa John wa Bedford, alimkabidhi Henry VI, mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 9 tu, Kitabu cha Saa cha Bedford. Sasa kiko Maktaba ya Uingereza, London.

Kwa nini nyuso nyingine zimefutika na kurasa nyingine zina madoa?

Kwa sababu zilibusiwa. Watu waliweka midomo kwenye msalaba, kwenye miguu ya Kristo, kwenye joho la Maria. Walipitisha kidole kwenye sura ya mtakatifu huku wakiomba. Wengine walishonea humo beji za hija walizonunua safarini. Bibi yangu alijaza kitabu chake cha sala picha ndogo za watakatifu mpaka mgongo ukapasuka, nami nilipoona kwa mara ya kwanza matundu ya uzi kwenye ngozi ya karne ya 15, nilijua mara moja ni ya nini. Pwani nako kuna kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, maji yakanywewa. Maandishi matakatifu huingia mwilini kwa njia nyingi.

Mtaalamu Kathryn Rudy wa Chuo Kikuu cha St Andrews alipima uchafu wa kurasa kwa densitomita, kifaa kinachoonyesha weusi wa ukurasa. Sala kwa Mtakatifu Sebastiani, mlinzi dhidi ya tauni, ni miongoni mwa zilizochafuka zaidi. Vidole vya waliokuwa na hofu bado vinasomeka.

Kuna kufutika kwa aina nyingine. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru kumbukumbu ya Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa, iondolewe vitabuni, na hadi leo utaona kwenye kalenda za Uingereza jina lake limekwanguliwa au limepigwa mstari. Wengine walipiga mstari mwembamba sana, ili jina lizidi kusomeka.

Je, Afrika ina vitabu kama hivi?

Ina vyake, na vingine ni vya kale zaidi. Injili za Garima, zilizohifadhiwa katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, Ethiopia, zimepimwa kwa kaboni na kuonekana ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Ni miongoni mwa Injili za kale kuliko zote zenye picha, na zimeandikwa kwa Kige'ez. Wakati Bruges wanachora Vitabu vya Saa, Mfalme Zara Yaqob wa Ethiopia, aliyetawala 1434 hadi 1468, alikuwa anaeneza ibada ya Bikira Maria na usomaji wa kitabu cha miujiza yake. Zaburi za Kige'ez bado huandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mbuzi, nazo hubebwa kwenye mkoba wa ngozi begani.

Kwetu pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa waandishi wa misahafu. Nakshi zake ni za maua, misuko na maumbo ya hesabu, kwa nyekundu, nyeusi na manjano, bila sura za watu kama unavyotaka utaratibu wa Kiislamu. Kuna tofauti ya imani na ya sanaa hapo. Lakini mwandishi wa Siyu na wa Paris wangeelewana juu ya jambo moja: neno la Mungu haliandikwi ovyo.

Uchapishaji ulivimaliza?

Taratibu. Kuanzia miaka ya 1480 wachapaji wa Paris kama Antoine Vérard na Philippe Pigouchet walitoa Vitabu vya Saa vyenye picha za kuchapwa, vingine juu ya ngozi na kupakwa rangi kwa mkono. Vya kuchorwa viliendelea kwa wakubwa: Jean Bourdichon alimaliza cha Anne wa Brittany mnamo 1508, na pambizo zake zina mimea zaidi ya 300, kila mmoja na jina lake. Matengenezo ya Kiprotestanti yalipunguza hitaji upande mmoja, na Papa Pius V akavipanga upya upande mwingine.

Nimeona ukurasa mmoja unauzwa mtandaoni. Ninunue?

Ningekusihi usifanye haraka. Kurasa nyingi zilizo sokoni zimetoka kwenye vitabu vilivyokatwa ili viuzwe kipande kipande. Kila tunaponunua ukurasa uliokatwa jana, tunampa mkataji sababu ya kukata kesho. Ukurasa uliotengana na kitabu chake karne moja iliyopita ni jambo tofauti, ila udai historia ya umiliki kwa maandishi.

Wanaovishika huvaa glavu nyeupe?

Maktaba kubwa nyingi huagiza mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Glavu ya pamba hupunguza hisia za vidole, hukwamia kwenye rangi inayobanduka, na inaweza kurarua ukurasa. Adui mkubwa ni unyevu unaobadilika: ngozi hukumbuka kwamba ilikuwa mnyama, hujikunja na kujinyoosha, na rangi iliyokauka juu yake hupasuka.

Nawezaje kuviona nikiwa nyumbani?

Bure kabisa, ukiwa na intaneti. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeweka maelfu ya miswada kwenye tovuti ya Gallica; tafuta Latin 9474 upate kile cha Anne wa Brittany. Maktaba ya Morgan, jumba la Walters mjini Baltimore na Metropolitan la New York nazo zina picha za ubora wa juu. Tumia kompyuta ukiweza, ukuze picha mpaka uone mipigo ya brashi, kisha uirudishe kwenye kimo chake halisi, maana ndivyo mwenyewe alivyoiona. Anza na kalenda. Nenda kwenye mwezi wako, shuka mpaka siku yako ya kuzaliwa, usome ni mtakatifu gani aliyeandikwa hapo na kwa wino wa rangi gani.